Mgonjwa: Mbwa, Dume, Miaka Minne

Iguhu,
14 Machi 2025

Kwako Mama Ashley,

Mulembe. Natumai wewe na mjukuu wangu hamjambo huko Khwisero, na watoto wa chekechea hawajakumaliza sauti. Mimi niko salama, ila goti la kushoto, ambalo nalo limestaafu kama nilivyostaafu kazi ya kutibu mifugo. Mvua imeanza na mahindi yangu yako ardhini.

Ujumbe wako wa simu umenifikia, kwamba mbwa wenu Diwani anakojoa damu na kusimama kwenye kila kichaka bila kutoa kitu. Umefanya vyema kuniambia. Lakini mambo ya dawa sitayajibu kwa simu. Simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha. Dawa inataka maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma mara ya pili. Osiako wa mayai hupita hapa kila Ijumaa akienda Kakamega. Yeye atatubebea. Isitoshe, hivi ndivyo inavyotupasa, baba mkwe na mke wa mwana. Mimi siingii nyumbani mwako, nawe ukija kwangu, chakula hunifikia kwa mkono wa Ashley. Barua inatuheshimu sote wawili.

Sasa nikueleze. Utumboni mwa mbwa, kama ilivyo kwetu sisi, wanaishi bakteria wengi wasiomdhuru. Wakipotea njia wakapanda njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, huko wanaleta moto na damu. Nimekutumia vidonge ishirini. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku kumi. Nimevipima kwa uzito wa Diwani, kilo kumi na nne. Mpe vyote, hata akipona siku ya tatu.

Bravin akipiga simu kutoka Doha mwambie baba yake bado anapumua.

Ni mimi,
Baba


Khwisero,
28 Machi 2025

Kwako Baba,

Pokea heshima zangu. Sisi hatujambo. Ashley anauliza goti lako linalipwa pensheni na nani.

Diwani alipona siku ya nne. Sasa anambwekea Osiako mpaka mayai yanatikisika. Vidonge kumi na viwili vimebaki, nimeviweka kwenye kopo la majani chai, maana dawa nzuri si ya kutupa.

Baba, kuna jambo lingine na nitalisema kwa ufupi. Ashley atapata mwenzake kabla mwaka haujaisha. Bravin alipokuja Krismasi tulikuwa tumekata tamaa, tangu yule tuliyempoteza. Kwa hiyo tuombee.

Ni mimi,
Mke wa mwanao


Iguhu,
4 Aprili 2025

Kwako Mama Ashley,

Mulembe tena na tena! Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, goti likasahau kuuma. Mungu amlinde huyo aliye njiani. Kula mboga, kula omena, na ndoo za maji mwachie mtu mwingine.

Sasa nikugombeze kidogo. Vidonge kumi na viwili! Sikiliza. Ukipalilia shamba ukang'oa magugu laini ukaiacha sangari, lile gugu la mizizi migumu, umeifanyia sangari kazi, umeiondolea majirani. Dawa ya siku nne iliua bakteria dhaifu wa Diwani. Waliobaki ni wale wagumu, na sasa wana nafasi ya kuzaana. Tena wana tabia moja mbaya, hufundishana. Mmoja aliyejua kuihepa dawa humpa mwenzake ujuzi huo, hata kama si wa kabila lake. Hiyo ndiyo tunayoita usugu.

Na ule unga wa njano ambao wewe na majirani huwachanganyia ingokho, kuku wenu, kwenye maji, uache, maana nao ni dawa ya bakteria. Najua nani aliwafundisha. Ni mimi. Nilizunguka Ikolomani yote na Khwisero kwa baiskeli ya serikali nikiwaambia watu waweke kijiko kimoja kila wiki, kuku awe mgonjwa au mzima. Tulidhani ni maendeleo.

Vidonge vilivyobaki tupa chooni.

Ni mimi,
Baba


Khwisero,
2 Mei 2025

Kwako Baba,

Pokea heshima zangu, na pole na goti. Ashley hajambo, ameota jino jipya pale lilipong'oka la utoto.

Diwani amerudiwa. Anaenda haja ndogo kila mara, na anahisi moto. Jioni anatetemeka, na mgongo unamuuma upande wa kulia. Vile kumi na viwili nilikuwa sijavitupa, alivimaliza, lakini havikumsaidia. Naomba dawa yenye nguvu zaidi.

Jirani yangu naye anauliza mambo mawili. Mbwa mwenye mimba anaweza kutumia dawa hiyo? Na kama angekuwa mbwa wa kilo sitini, angemeza vingapi?

Shangazi Zilpah alipita hapa juzi. Alituchekesha na habari za yule mwanamke wa duka la nguo ambaye mumewe yuko Mombasa. Alikwenda kwa Phineas kwenye zahanati akisema mkojo unamchoma. Phineas akamwambia mama yake, yaani shangazi mwenyewe, naye akaambia soko. Mwanamke amerudishwa kwao. Shangazi anasema, "Mume yuko mbali, mkojo unachoma, sasa huo moto umewashwa na nani?" Watu walicheka sana.

Ni mimi,
Mke wa mwanao


Iguhu,
9 Mei 2025

Kwako Mama Ashley,

Mulembe. Mimi sijambo. Natumai hali yako ni njema na aliye njiani anacheza.

Achana na porojo za dada yangu. Zilpah tangu utotoni akiona moshi husema nyumba imeungua na mwenyewe alikuwa ndani. Na Phineas ni mpwa wangu, lakini mganga asiyefunga mdomo afadhali angeuza nyanya.

Mwambie jirani yako kwamba mbwa wa kilo sitini ni ndama. Amfunge kamba, amlishe nyasi! Lakini swali la mimba ni swali la mtu mwenye akili. Dawa ninayokutumia leo ni kali na hatumpi kabisa mbwa mwenye mimba. Inaweza kuharibu mifupa ya watoto. Diwani ni dume, kwa hiyo hana neno. Kidonge kimoja kwa siku, siku saba, na safari hii zote.

Ikishindikana, tutaacha kubahatisha. Chemsha chupa ndogo, ipoe, ukinge mkojo wa asubuhi, uizungushie barafu kutoka kwa muuza samaki, umpe Osiako. Nitaupeleka maabara mwenyewe. Ningefanya hivyo tangu mwanzo, lakini sisi wazee wa mifugo tulizoea kutibu kwa macho.

Ni mimi,
Baba


Khwisero,
6 Juni 2025

Kwako Baba,

Pokea heshima zangu. Sisi tunaendelea.

Dawa ile tuliiacha siku ya pili, kwa sababu ya yale uliyoandika. Homa inakuja na kuondoka. Chupa ni hii, Osiako ameiweka katikati ya mayai. Nimekinga asubuhi kama ulivyosema.

Tafadhali usikawie.

Ni mimi,
Mke wa mwanao


Iguhu,
20 Juni 2025

Kwako Mama Ashley,

Mulembe. Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi sina usingizi mzuri, lakini hilo si lako.

Majibu yametoka. Nikueleze wanavyofanya. Huchukua tone la mkojo wakalipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kisha wakapanga juu yake vidoto vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Baada ya siku moja hutazama. Dawa inayoua huacha duara safi kukizunguka kidoto, kama mahali mlipokuwa mmeanika kitu na nyasi ikafa. Dawa isiyofaa, bakteria huota mpaka mlangoni pake.

Vidoto vilikuwa kumi na viwili. Kumi na kimoja havikuacha duara. Amoksilini hapana. Septrini hapana. Ile kali niliyokutumia, hapana. Hata sindano ambazo hospitali hukimbilia kwanza, hapana. Nilifanya kazi miaka thelathini na miwili na sijaona karatasi kama hii. Mtaalamu wa maabara aliniuliza, "Mzee, huyu mbwa amelelewa wapi, kwenye duka la dawa?"

Imebaki sindano moja, meropenemu. Hiyo iko hospitali kubwa, kwa watu ambao kila kitu kingine kimewashinda. Sitaiomba. Dawa iliyobaki ni ya watu, na kumpa mbwa ni kumnyima mtu tusiyemjua.

Tena bakteria hawa hawatambui mpaka kati ya mbwa na mtu. Mkono uliomfuta Diwani ukimwosha mtoto, wamehama. Kwako kuna Ashley, na kuna huyo aliye njiani. Kwa hiyo nimeamua, na uamuzi huu ni mzigo wangu, si wako. Diwani alazwe usingizi wa mwisho kwa sindano. Nimemwandikia Kibet, ofisa wa mifugo wa huko, aje Jumatano. Haina maumivu. Ashley asiwepo.

Karatasi ya maabara nimeiweka humu. Ihifadhi.

Ni mimi,
Baba


Wodi ya akina mama, Kakamega,
1 Agosti 2025

Baba,

Salamu nimekosa jinsi ya kuzipanga. Kalamu ni ya muuguzi, anaihitaji, kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Mkojo ule haukuwa wa Diwani. Ulikuwa wangu. Diwani alipona mwezi wa tatu na hakuugua tena. Vidonge kumi na viwili nilivimeza mimi. Ile dawa kali nilimeza viwili, kisha nikaogopa ile habari ya mifupa uliyoandika, nikaacha. Ningekwambiaje, Baba? Wewe ndiwe baba wa mume wangu. Hata nikiwa na homa ya kawaida humwambia Ashley akwambie. Na zahanati ni ya Phineas, na mume wangu yuko Doha.

Kibet alikuja Jumatano kama ulivyopanga. Diwani alimpokea kwa mkia. Kibet akaniuliza, "Mama, huyu ndiye mgonjwa?" Nikasema ndiye. Nilimshika kichwa mwenyewe. Alikuwa mzima, Baba.

Kisha nilikaa na barua yako. Umeandika dawa iliyobaki ni ya watu. Nikajiambia, mimi si mtu? Tarehe kumi na moja Julai homa ilipanda nikashindwa kusimama, nikaja hospitali. Nilikuja na karatasi ya maabara. Kwenye foleni nikaifungua. Juu imeandikwa: Mgonjwa: mbwa, dume, miaka minne. Nikaikunja. Daktari aliniuliza kama nimewahi kupimwa, nikasema hapana. Wakanianzishia sindano za kawaida, zile ambazo hazikuacha duara, wakachukua mkojo wangu wakaupanda upya. Siku tatu. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu chini ya kitanda siku zote tatu.

Mtoto alikuja siku ya tatu. Mvulana. Alipumua kwa saa tisa. Baada yake ndipo majibu yao yakatoka, wakaniletea ile meropenemu. Imenifaa. Wanasema figo ya kulia haitarudi kama ilivyokuwa.

Sasa sikiliza ninaloomba. Phineas alikuja kuniona, akasoma faili iliyoning'inia kitandani. Shangazi Zilpah amekwisha kuwaambia watu kwamba nilipata ugonjwa wa kutembea na wanaume na ndio ulioua mtoto, na kwamba hata mtoto mwenyewe hesabu ya miezi yake haimfikii Bravin. Bravin hapokei simu zangu. Nasikia kuna kikao cha ukoo kwako Jumamosi ya tarehe tisa. Wakikubaliana, mimi nitarudi kwetu, na Ashley atabaki kwenu kwa sababu ni mtoto wa ukoo.

Wewe ndiye wanayemsikiliza. Waeleze nilichougua. Waambie ni bakteria wa mkojo, na jinsi nilivyowapata, na kwamba si aibu. Hakuna mwingine anayejua kueleza kama wewe. Sikuombi kingine.

Ni mimi,
Mke wa mwanao


Iguhu,
15 Agosti 2025

Kwako binti yangu,

Mulembe. Naomba Mungu barua hii ikukute na nguvu. Mimi siumwi, na naona haya kusema hivyo.

Kwanza nikiri. Siku ile nilipolisoma swali la mbwa wa kilo sitini, kalamu yangu ilisimama. Mbwa mwenye mimba, mgongo upande wa kulia, na wewe ulikuwa umeniambia una mimba. Mimi nimefundisha vijana wa mifugo kusoma dalili kwa mnyama asiyesema. Nilijua, au nilikuwa hatua moja kabla ya kujua. Hatua hiyo ingenilazimu kukuandikia neno ambalo baba hamwandikii mke wa mwanawe. Kwa hiyo nikaandika mzaha wa ndama. Nikauita heshima.

Sasa habari za kikao. Walikuja watu kumi na sita. Bravin alikuwa kwenye simu, wameiweka juu ya meza sauti ikiwa wazi. Nilisimama nikiwa na nakala ya karatasi ya maabara mkononi. Nilieleza. Nilieleza bakteria ni nini, jinsi wanavyofundishana, unga wa njano wa kuku, vidonge vinavyoachwa katikati, mbwa anavyomwambukiza mtu na mtu anavyomwambukiza mbwa. Nilisema makosa ya dawa ni yangu. Karibu saa nzima. Wazee walitikisa vichwa kukubali, mmoja akasema, "Mwalimu hajazeeka." Nilidhani nimekutetea.

Ndipo Phineas akasema, "Mjomba, ya mbwa na ya kuku tumesikia, asante. Mama Ashley aliugua nini?"

Neno lenyewe ni moja tu. Mkojo. Nimelitamka mara elfu mbele ya watu juu ya ng'ombe wao. Nilifungua mdomo. Nikawaona wazee wale, na ndugu zangu, na mimi ni baba mkwe wako nimesimama katikati ya boma langu. Nikasema, "Aliugua homa."

"Homa ya wapi, mjomba?"

Zilpah akasema, "Mwacheni ndugu yangu. Hata yeye anaona aibu kuitaja." Watu wakashusha macho. Kwenye simu Bravin aliuliza, "Baba?" Mara moja. Kisha simu ikakatika.

Nilinyamaza labda kwa muda wa kumeza mate mara tano, nao wakauchukua ukimya huo kama ushahidi wangu. Wote walikubaliana kabla chai haijaja.

Tangu siku hiyo nimemwandikia Bravin kurasa nane. Nimeeleza kila kitu kwa jina lake, na neno lile nimeliandika mara ishirini. Amejibu kwa ujumbe mfupi: "Baba, ungesema pale." Nitaitisha kikao kingine Desemba, watoto wote wakiwa nyumbani. Nitalisema. Nimekuwa nikilitamka peke yangu shambani, na naliweza sasa. Naomba unipe hadi Desemba.

Kwa figo yako, kunywa maji ya kutosha, pima presha kila mwezi, na usimeze dawa yoyote ya maumivu bila daktari kujua.

Ni mimi,
Baba


Kimilili,
5 Septemba 2025

Mzee Elkanah,

Barua yako nimeipata huku kwetu. Imeeleza vizuri sana.

Desemba usijisumbue. Walionihukumu wamekwisha kunihukumu, na Bravin amepeleka mtu kuchukua vitu vyake nyumbani Khwisero. Mtoto alizikwa bila jina kwa sababu hakuna mtu wa kwenu aliyekuja kumpa.

Shangazi Zilpah alimchukua Ashley Jumapili. Mtoto alilia mpaka barabarani, na mimi nilibeba begi lake hadi kwenye gari kwa sababu ni zito. Najua ataishi kwako. Kuna mambo unayopaswa kujua. Anaogopa choo cha shimo giza likiingia, kwa hiyo hujizuia. Maji hanywi mpaka aambiwe. Na akiumwa huko chini hatakwambia, maana ameniona mimi nikinyamaza na anadhani ndivyo wanawake wanavyofanya.

Yeye si mke wa mwanao. Ni mjukuu wako, na babu na mjukuu hawana neno wasiloweza kuambiana. Ana miaka sita. Usimwandikie barua. Muulize kwa mdomo wako, kila asubuhi.

Sylvia Khalayi